Nilichokidhania Vumbi

Kabla ya kuingia chumba cha giza, baba mdogo wangu hunyunyiza maji sakafuni kwa vidole, kama anayemwagilia mche uliotoka juzi. Kisha huloweka kanga, huikamua na kuitundika mlangoni kwa ndani. Huvua shati, hujipangusa mikono na mabega kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo huketi juu ya kigoda bila kugusa kitu. "Tulia," huniambia. "Acha vumbi lilale kwanza." Tunakaa hivyo gizani, muda wa kuchemsha chai, tukisubiri hewa ya Nachingwea itue.

Anayeishi huku hahitaji kuelezwa sababu. Mvua zikishakatika, vumbi jekundu huingia kila mahali: kwenye sukari, kwenye mikunjo ya shuka, katikati ya kurasa za daftari lililofungwa. Chumba cha giza cha baba mdogo kiko nyuma ya studio yake, hatua chache tu kutoka barabarani. Studio yenyewe siku hizi huishi kwa picha ndogo za fomu na vitambulisho, zinazopigwa kwa kamera ya kisasa na kutolewa na mashine iliyo mezani. Chumba cha giza amekibakiza kwa mapenzi, na kwa ajili ya watu wachache wanaokuja na negativu za zamani, zile filamu ambazo cheupe huonekana cheusi, zimefungwa kwenye karatasi, kwenye leso, ndani ya kibweta cha marehemu.

Mimi nilikuja kutoka Dar es Salaam nikiwa na riwaya iliyogoma kuisha. Ndani yake kulikuwa na mpiga picha na chumba chake cha giza, na wenzangu tunaosomeana kazi zetu Jumamosi walikisifu sana chumba hicho. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijawahi kuingia hata kimoja. Nilikuja kuiondoa aibu hiyo kimyakimya, kwa kisingizio cha kumsalimia baba mdogo, nikabaki miezi.

Alinifundisha vizuri. Negativu huwekwa kwenye mashine ya kukuzia, taa huwashwa juu yake, sura hushuka kwenye karatasi iliyo chini. Chembe ya vumbi ikikaa juu ya negativu, huziba mwanga, na mwanga usipofika, karatasi hubaki nyeupe. Kwa hiyo kitu kisichoonekana kwa macho hutokea shavuni kwa mtu kama punje ya mchele. Dawa yake ya kwanza ni kupuliza kwa pampu ya mpira, ile ya kuoshea masikio, na kupangusa kwa brashi laini. Ya pili ni kusubiri picha ikauke, kisha kuchukua brashi yenye ncha ya unywele mmoja, kuichovya kwenye wino uliozimuliwa, na kugusa kile kidoa cheupe, nukta juu ya nukta, mpaka kipotee ndani ya ngozi inayokizunguka.

"Hapo ndipo unapoishia," baba mdogo alisema. "Kwenye karatasi. Negativu huigusi kwa kitu chochote kinachokwaruza. Karatasi nyingine ipo. Negativu nyingine haipo."

"Na doa likikataa kutoka?"

"Toa negativu, pangusa, toa picha nyingine. Kama doa limehama, lilikuwa vumbi. Kama liko palepale, kaa uliulize ni nani."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa maneno.

Yule mama alikuja asubuhi moja kutoka Malolo, upande wa Ruangwa, akiwa ameshuka kwenye pikipiki na kichwa chote kimefungwa mtandio kwa sababu ya vumbi la njiani. Umri wake ulipita sitini. Alitoa bahasha kifuani, na ndani ya bahasha kipande cha gazeti, na ndani ya gazeti negativu moja ya mraba, kubwa kama kiganja cha mtoto. Picha yenyewe, alisema, ililiwa na mchwa pamoja na fremu yake. Vijana wenye duka la kuchapisha karatasi pale Ruangwa mjini waliipiga negativu kwa simu wakaigeuza, sura ikatoka ina macho ya jini.

"Ruangwa hamna mafundi," baba mdogo akamwambia. "Mna mchwa tu."

"Na ninyi wa Nachingwea mnapenda picha za watu kwa sababu za kwenu hazitazamiki," akajibu, akiwa hajaketi bado. Wakacheka wote wawili kama watu waliokua pamoja, ingawa ndiyo kwanza walikuwa wameonana.

Halafu akaeleza, na sauti ikashuka. Picha ile ni ya mama yake mzazi. Alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Hana anachokikumbuka, hata harufu. Aliyemlea ni dada yake mkubwa, na huyo dada ndiye mtu pekee aliyebaki kati ya waliomwona akiwa hai. Sasa dada macho yameingia ukungu. Kule hospitali ya misheni wamemwambia moja lina nafuu kidogo, lingine basi tena. Anaona mwanga, anaona vitu vikubwa, anaona vinavyong'aa.

"Ameniomba kitu kimoja," mama yule alisema. "Nimletee mama kwenye picha kubwa kama dirisha, amwone kabla macho hayajafunga kabisa. Ndiyo nimekuja."

Baba mdogo akainyanyua negativu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu, akasema itakuwa. Akamwambia arudi baada ya wiki. Siku ya pili yake alipigiwa simu kwamba salfa imefika na vijana wa kupulizia mikorosho yake kule Mkotokuyana wako tayari. Msimu haumsubiri mtu. Akaniachia funguo.

"Ile ya mama wa Malolo nitaifanya nikirudi."

"Nikiijaribu mimi?"

Akanitazama. "Jaribu. Vidoa viache, nitaviziba mwenyewe."

Nilinyunyiza maji. Nilitundika kanga. Nilikaa kwenye kigoda mpaka nikasikia damu yangu masikioni. Kisha nikawasha mashine, nikaizamisha karatasi, na mwanamke aliyekufa miaka mingi kabla sijazaliwa akashuka polepole juu ya karatasi, ndani ya beseni la dawa, chini ya taa nyekundu: kwanza nywele, kisha macho, kisha shingo ndefu na ukingo wa kanga. Alikuwa kijana. Alikuwa mdogo kuliko mimi. Alitazama kamera kama mtu aliyeambiwa asicheke na anayejua kwamba atacheka.

Nilimpenda papo hapo, na mapenzi yale ndiyo yaliyoniponza. Sikutaka awe na kasoro yoyote.

Vidoa vilikuwa vingi. Vile vya paji la uso vilihama nilipopangusa. Vya shingoni vilipotea vyenyewe. Kimoja kilibaki. Kilikuwa pembeni ya pua, upande wa kushoto, cheupe sana, cha mviringo, kinachong'aa kuliko weupe wa macho yake. Nilitoa picha ya pili, kiko palepale. Ya tatu, palepale. Nikaichukua negativu, nikaiweka juu ya kioo chenye taa chini yake, nikaitazama kwa lenzi. Pale puani palikuwa na nukta nyeusi, ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Nikajieleza mwenyewe, kwa uhakika wa mtu aliyesoma vitabu viwili, kwamba siku ile filamu ilipokuwa inakauka, punje ya mchanga iliingia kwenye utando wa dawa ulipokuwa ungali laini, ikaganda humo.

Kuuliza sikuuliza. Namba ya baba mdogo nilikuwa nayo. Ya mama wa Malolo ilikuwa imeandikwa juu ya bahasha.

Ningeweza pia kuiziba kwa wino kwenye karatasi, kama nilivyofundishwa, na kosa langu lingebaki kwenye karatasi. Lakini karatasi ni chache, baba mdogo huagizia Dar es Salaam, na nilifikiri: nikiondoa chanzo, kila picha itakayotoka baada ya hapo itakuwa safi. Nilijiona mwerevu. Nilichukua wembe mpya, nikavunja kipande cha pembeni, nikakishika kwa kidole gumba na cha shahada, nikakwangua. Taratibu, bila kutumia nguvu, huku nimebana pumzi. Utando ulitoka kama unga. Nukta nyeusi ikawa kijivu, kijivu kikafifia mpaka kikafanana na ngozi ya pembeni. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Mpaka leo naona aibu kwa jinsi ilivyotulia.

Picha ya mwisho niliitoa kwenye karatasi kubwa kuliko zote zilizokuwepo. Pua ilikuwa laini, nzima. Niliitundika ikauke, nikaketi mbele yake na chai yangu, nikafikiri kwamba sasa ninajua kuandika kile chumba.

Mama wa Malolo alikuja siku moja kabla ya wiki kutimia. Baba mdogo alikuwa bado shambani. Nikamfunulia picha mezani. Akainama, mikono nyuma, kama anayeogopa kuichafua kwa pumzi.

"Ee mama," akasema taratibu. Hakuwa ananiita mimi; alikuwa akimwita aliye kwenye picha.

Akaitazama sana. Kisha akasogeza kidole, hakugusa, akakizungusha hewani juu ya pua.

"Kipini chake hakijatokea?"

Sikuelewa papo hapo. Ilichukua muda, labda wa kupepesa macho mara mbili, na ndani ya muda ule nikaona pua za wazee wote wanawake ninaowafahamu, bibi yangu mzaa baba akiwa mmojawapo. Wana tundu pembeni ya pua, limesinyaa kama kitovu. Tangu utotoni nimeona matundu. Bibi alikuwa akituambia kwamba kulikuwa na kitu pale, siku za usichana wake, na sisi wajukuu wa mjini tulikuwa tukicheka na kumuuliza kama alikuwa hapati mafua. Matundu niliyajua. Kilichokaa ndani yake, kikang'aa, sikuwahi kukiona puani kwa mmoja wao hata siku moja.

Hapo ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Ilikuwa nafasi kubwa, nyeupe, na yule mama alikuwa ananisubiri kwa uso usio na ubaya wowote.

"Pale negativu ilikuwa imeharibika," nikasema. "Vumbi limeingia, mama. Miaka mingi."

"Vumbi."

"Ndiyo. Likikaa sana linakula."

Akatikisa kichwa polepole. "Ni mimi basi. Niliiweka darini, na dari la kwangu ni matete. Dada alinipa mimi niitunze." Akaendelea kuitazama picha. "Sura ipo. Sura ndiyo kubwa. Asante, mwanangu."

Nilipomkabidhi negativu, akaisukuma irudi kwangu kwa ncha za vidole. "Kaa nayo wewe. Kwangu itaisha yote."

Niliipokea. Niliitia, pamoja na gazeti lake, ndani ya daftari langu la riwaya, katikati ya kurasa, na kwa wiki tatu sikulifungua lile daftari. Baba mdogo aliporudi akinuka salfa, nikamwambia mama wa Malolo alikuja, akafurahi, akaondoka. Yote matatu yalikuwa kweli.

Simu ilipigwa Ijumaa, tukiwa tunakula. Baba mdogo alisikiliza muda mrefu bila kusema zaidi ya "ee" na "pole". Alipoiweka simu chini, hakurudisha mkono kwenye sahani.

"Mama wa Malolo. Anauliza kama kuna namna ya kukirudisha kipini. Dada yake hamsemeshi. Anasema, nilikupa mama umtunze, umemwacha akaliwa na vumbi." Akanigeukia. "Vumbi gani hilo? Negativu ile niliitazama. Kipini nilikiona kwa macho yangu, nukta nyeusi tititi. Iko wapi?"

Nikaenda kuleta daftari. Hakuhitaji hata lenzi. Aliilaza negativu mkono wa kushoto, akaiinamisha ili mwanga wa mlangoni uipite kwa ubavu, na nikaona, pamoja naye, kile kidimbwi kidogo cha mikwaruzo.

"Huu ni wembe," akasema.

"Nilidhani..."

"Najua ulidhani nini. Hata mimi nikiwa kijana nilidhani hivyo, kwa kovu la mtu." Akairudisha negativu ndani ya gazeti lake, akalikunja vizuri. "Kukwangua ni ujinga, binti yangu, na ujinga unafundishika. Lakini yule mama unamwacha alaumiwe na dada yake kwa wiki tatu, hilo mimi sikufundishi. Kesho utakwenda Malolo."

"Twende wote, baba."

"Wembe tulikuwa tumeushika wote?"

Nilikwenda peke yangu. Nauli nilimpa mwenye pikipiki, na njia nzima nilitunga sentensi. Ndiyo kazi yangu, kutunga sentensi. Nilitunga za kujieleza, nilitunga za kulia, nilitunga moja nzuri sana kuhusu mwanga na weupe. Tulipofika uwanjani kwao, ambako ufuta ulikuwa umesimamishwa mafungu mafungu ukauke, zote zilikuwa zimenitoka.

Mama alikuwa akipepeta. Nilimwamkia, nikamwambia nimeleta negativu, na kwamba nina jambo. Nikamwambia palepale, tukiwa tumesimama: halikuwa vumbi. Nilikikwangua mimi kwa wembe, nikidhani ni uchafu. Ulipouliza, nilikudanganya.

Aliuweka ungo chini. Hakuuangusha, aliuweka, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nimepanda dari lile kila asubuhi, natafuta vumbi lilikoingilia. Nimeziba kwa udongo. Nimemwambia dada, nisamehe, nilikuwa mzembe. Na wewe uko Nachingwea unakula ugali wako."

"Ndiyo, mama."

"Unasema ndiyo."

"Sina la kusema."

"Unalo. Njoo ulisemee ndani."

Dada yake alikuwa ameketi juu ya mkeka karibu na mlango wa nyuma, mahali penye mwanga mwingi. Mzee mwembamba, macho yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, uso umeelekea udongo. Nilimshika miguu kwa heshima, nikaanza kwa Kiswahili. Mama akanikatiza.

"Kiswahili chake ni cha sokoni. Mwambie Kimwera."

"Kimwera changu kibovu, mama. Nisaidie."

"Uongo uliusema bila kusaidiwa."

Basi nikasema kwa kile Kimwera cha jikoni kwa bibi, cha kuomba maji na kufukuza kuku. Neno la picha nililipata. Neno la kosa nililipata. La kukwangua sikulijua, nikaonyesha kwa ukucha juu ya pua yangu mwenyewe, halafu nikakumbuka kwamba kitu kidogo hivyo hakioni. Mzee akanyoosha mkono, akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata ule ukucha, akauvuta, akauweka puani kwake. Chini ya kidole changu lilikuwa tundu lake, laini, limejifunga kwa uzee. Akauliza neno moja, nikajua anauliza kama ni hapa.

"Hapa," nikasema.

Akauacha mkono wangu.

Akazungumza na mdogo wake, na mengi sikuyashika. Mama alinitafsiria kidogo, bila kunitazama. Kwamba macho yale hayakuwa yanatafuta sura, sura yalishashindwa. Yalikuwa yanatafuta kile kinachong'aa. Alikuwa ameisogeza picha mwangani siku ile ya kwanza, akaigeuza hivi na hivi, asubuhi mpaka adhuhuri, akingoja king'ae mahali, ajue pua iko pale, na macho yapo juu yake, na mdomo upo chini, na huyo ni mama. Akapata giza tupu. Ndipo akaamuru igeuzwe.

Kitu kimoja tu ambacho angeweza kukiona, ndicho nilichokiondoa kwa uangalifu mkubwa.

Halafu mzee akamwita mdogo wake kwa mkono. Mama akapiga magoti mbele yake. Dada akamshika kichwa kwa viganja viwili, kama mtu anayepima mtungi, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, akayarudia. Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Yeye, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, akalaza uso mapajani kwa dada yake, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya mtoto. Nikatazama ukuta.

Alipoinuka na kujipangusa uso kwa ncha ya mtandio, nikamuuliza alichoambiwa.

"Ameniomba radhi," akasema. "Kwa kunisingizia."

Kuku aliingia, akageuka, akatoka.

"Na mimi, mama?"

Akanitazama kama mtu anayepima kama nimekuja kupokea au kutoa. "Wewe hajakufikia bado," akasema. Kisha akainuka kwenda jikoni. "Kaa ule. Mgeni haondoki na njaa kwangu."

Ulikuwa ugali wa mhogo na kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Walinitengea sahani yangu peke yangu, ya bati, na maji ya kunawa. Mzee aliketi kunielekea, amenigeuzia yale macho yasiyoniona. Nilikula tonge baada ya tonge, mpaka nikaimaliza sahani, kwa sababu kubakiza kungekuwa kuongeza kosa jingine mbele yake.